Nyumba ya Nyenje

Barua kumi, na hata moja haikufika! Zilikuwa zimerudishwa kwake, na Remei alizibwaga mezani kwa mama yake, kando ya bakuli la lozi.

"Miaka mitatu ya kazi, mama, imekwenda na maji."

Kazi yenyewe, usicheke, ilikuwa kupima umbali usioonekana. Remei, mwanafizikia wa Barcelona, alishikilia kwamba watu wanaojuana wamepangika kwenye ramani ya siri: wanaojulikana na wengi wako katikati, wengine pembezoni. Kila mtu akimkabidhi barua jamaa yake aliye karibu zaidi na mwandikiwa, itafika bila posta. Kwenye kompyuta ilifika kila mara. Hapa Falset, mji alikozaliwa, ilikufa mkono wa pili. Ijumaa angesimama mbele ya wenzake akiri kwamba ramani ni uongo.

Mama, Bi Quimeta, akavaa miwani. "Josep Rovira Mas. Ndo nani huyo?"

"Mama! Si mwokaji wako wa mikate, miaka arobaini sasa!"

"Aa, Nyenje!" Bi Quimeta akacheka mpaka lozi zikamwagika. "Msomi mzima wewe! Huyo ni wa Nyumba ya Nyenje, na babu yake vilevile. Hayo mengine ni majina ya kitambulisho, nani anayajua?"

Remei akashika kichwa. Falset kila nyumba ina jina lake, nalo linakwambia ukoo, mtaa, hata nani hasemi na nani. Umbali aliokuwa akiutafuta ndio huo! Kalelewa nao, kausahau. Kweli ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.

Akaziandika upya kwa majina ya nyumba. Kufikia Alhamisi zote zilikuwa zimefika, ya Nyenje kwa mikono mitatu tu. Remei alicheza peke yake jikoni, katika nyumba aliyopanga hapo mjini, kwa furaha, na miaka yake hamsini na mbili.

Kitu kimoja tu kilimkera kidogo. Kwenye ramani yake mwenyewe alikuwa amejiweka ukingoni kabisa, maana aliondoka mjini miaka thelathini iliyopita.

Mlango ukagongwa. Dereva wa lori la taka, sura ngeni kwake, alimpa bahasha yenye mwandiko wa mama: *Kwa binti wa Nyumba ya Fundi Viatu*, jina la nyumba ya kwao.

"Bi Quimeta kanipa nilipopita kuchukua taka," akasema. "Anasema chakula kinapoa."

Kila aliyebeba barua alitakiwa kutia sahihi nyuma. Remei akaigeuza bahasha, ahesabu mikono iliyopita.

Sahihi ilikuwa moja tu, ya dereva; ya Nyenje ilihitaji tatu.