Costancia na Tanuri la Tatu

Costancia ni mzaliwa wa Berega, binti wa nyumba ya Kianglikana, na kwa muda mrefu sasa amekuwa msimamizi wa malighafi katika kiwanda cha vigae vya kuezekea nje kidogo ya mji wa Kilosa. Udongo haukumsumbua, ulichimbwa jirani. Kuni ndizo zilizomnyima raha. Matanuri mawili ya kiwanda hayakuwa na kushiba, na kila mwaka malori yalikwenda mbali zaidi kutafuta magogo.

Kiangazi kimoja alipanda lori la Gabrieli, dereva wa kiwanda, hadi Zombo, aone magogo yalikokuwa yanatoka. Walisimama penye bonde, karibu na shamba la mama mmoja mtu mzima aitwaye Elizabeti.

"Shikamoo mama," Costancia alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye wa kiwandani?"

"Ndiye mimi."

"Basi njoo uone."

Walipita katikati ya visiki hadi kwenye kijito kilichobaki tope. Mama Elizabeti akamwonyesha kisiki kipana kuliko vyote. Mti ule ulikuwa na shimo, akasema, na ndani yake ndege hondohondo jike alikuwa amejifungia kwa udongo akilalia mayai, kama wafanyavyo siku zote. Dume lake ndilo lililomlisha kupitia upenyo mdogo. Mti ukaangushwa na jike akiwa humo humo.

"Dume liliendelea kuja," alisema Mama Elizabeti. "Linazunguka hapa na tunda mdomoni. Halioni pa kulipeleka."

Waliporudi, Costancia alikwenda moja kwa moja ofisini kueleza aliyoyaona.

Mkurugenzi wa kiwanda, Samweli, alimsikiliza vizuri. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mambo yanayoonekana haraka. "Tutapanda miti," alisema. Wakapanda mwezi wa nane, jua kali, wafanyakazi wamevaa fulana mpya na mpiga picha akiwapanga. Costancia alisema wangoje mvua; akaambiwa wageni kutoka Dar wameshaalikwa. Miche ikakauka, na michache iliyobaki ikaliwa na mbuzi. Picha zikatundikwa mapokezi, naye akawa anazipita kila asubuhi akiwa amekunja uso.

Alichotaka yeye ni kiwanda kuacha kuchoma msitu. Pale mjini Hussein, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, alikuwa na vilima vya pumba alivyovichoma ovyo kando ya barabara. Costancia akamwomba hizo pumba za kuchomea vigae, na Hussein akafurahi kupata wa kumwondolea kero. Lakini Danieli, fundi mkuu wa matanuri, hakutaka kusikia. "Kigae kinataka moto wa gogo," alisema. Jaribio la kwanza likathibitisha maneno yake: vigae vya chini vilitoka vibichi, vikamomonyoka mikononi. Samweli akamwita Costancia mbele za watu na kumwuliza kama anataka kukiua kiwanda.

Alirudi nyumbani akalia kwa hasira. Kesho yake akamfuata Danieli.

"Kaka, mimi sijui moto. Wewe unaujua. Ungekuwa umeamua mwenyewe kuchoma pumba, ungefanyaje?"

"Nisingezirundika. Ningezipuliza kwa feni, kidogo kidogo."

Akafanya hivyo. Aliungua mkono, akaharibu feni mbili, lakini vigae vikatoka vyekundu, ukivigonga vinalia. Kufikia mavuno yaliyofuata matanuri yote mawili yalikuwa yanakula pumba, na lori la Gabrieli lilikuwa linabeba magunia badala ya magogo.

Hapo ndipo Samweli alipotangaza tanuri la tatu. Vigae vilikuwa vinatafutwa hadi Mikumi, na wenye nyumba za wageni.

"Pumba hazitatosha," Costancia alimwambia. "Hilo la tatu litakula nini?"

"Kuni, kwa muda tu."

"Ndiyo tuliyokuwa tunayakimbia hayo."

"Costancia, siwezi kusimamisha kazi kwa ajili ya ndege."

"Sijasema usimamishe. Subiri tupate cha kulilisha."

Hakusubiri. Lori la kwanza la magogo lilipofika, Costancia alikataa kulipokea. Gabrieli akashuka, kofia mkononi. "Dada, nikiyarudisha yatasimama tena?" Costancia akaondoka pale getini, na nyuma yake akasikia magogo yakishushwa.

Juma lile aliomba ruhusa, akaenda Zombo. Yeye na Mama Elizabeti walikaa na halmashauri ya kijiji hadi bonde lile likafungwa, mti usikatwe. Akaona amepata kitu. Muda si mrefu Gabrieli akamwambia kwamba wenye magogo sasa wanakata upande wa Masanze.

Tanuri la tatu bado linawaka kwa kuni. Danieli anasema makapi ya mkonge yakikaushwa yangefaa, na ameomba mara kadhaa apewe lori aende kwenye shamba la mkonge kuyaona. Jumatatu iliyopita Costancia alimkumbusha tena mkurugenzi.

"Tutaliangalia baada ya mavuno," Samweli alisema.

"Ulisema hivyo mavuno yaliyopita."

Samweli akapokea simu iliyokuwa inaita. Costancia alibaki amesimama mbele ya meza yake mpaka simu ikaisha, kisha akaanza upya kumweleza.