Kiwanda cha Sabuni Kwanza

Kazi ya dada yangu ni kukagua programu walizoandika wenzake kabla hazijatoka ofisini. Ofisi yao ina maktaba ya takwimu za fedha, si ya vitabu bali ya kwenye kompyuta, na humo mifuko ya wastaafu huchota bei za hisa, za leo na za zamani. Wenzake humwita Forodha kwa sababu hakuna mzigo unaompita bila kufunguliwa. Mimi namwita king'ang'anizi, na nina haki, maana nimelala naye chumba kimoja utoto mzima.

Ana desturi moja. Akikabidhiwa programu ya kutafuta hisa, kabla ya jambo lolote huandika herufi nne zilizokuwa alama, kwenye soko la hisa, ya kiwanda cha sabuni alichofanyia kazi baba yetu miaka ishirini na sita. Kiwanda kilikufa, na baadaye soko la hisa likazigawa herufi zile zile kwa kampuni ya simu. Programu nzuri huuliza: unataka kile cha zamani au hii ya sasa? Mbovu hukurupuka na kuleta kampuni ya simu, na anayetafuta bei za miaka ile hupewa za watu wengine wala hajui. Kosa la namna hiyo lilimponyoka mwaka juzi. Bosi akamwambia likijirudia, ukaguzi basi.

Alhamisi ile tulimpeleka baba kliniki ya macho kufunguliwa bendeji baada ya upasuaji. Asubuhi dada alikuwa ameidhinisha programu mpya ya kutafuta akiwa wima, mkoba begani, mimi nje napiga honi kama mwendawazimu. Wateja wangeipata saa sita. Ilipofika saa sita kasorobo, tukiwa kwenye benchi, akanikamata mkono.

“Sikutafuta kiwanda.”

“Kiwanda gani tena?”

“Cha baba! Nimeidhinisha bila kutafuta kiwanda cha baba!”

Niliijutia ile honi. Akampigia aliyeiandika, mwenzake wanayemwita Chapchap. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, roho mkononi. Chapchap akapokea huku anatafuna.

“Dada, hiyo nimeizuia tangu saa nne. Nilianza na kiwanda cha mzee, si ndivyo ulivyotuzoesha? Ikaniletea kampuni ya simu. Nimeshairekebisha, inakungoja uje uikague upya. Nilijua una mgonjwa, sikutaka kukusumbua.”

Dada alicheka, akalia kidogo, kisha akamtukana Chapchap kwa mapenzi kwa kutompigia. Mimi nilishusha pumzi ndefu mpaka nesi akanitazama.

Baba, jicho moja limefungwa, alikuwa amesikia yote. “Kwa hiyo mkikitafuta kinatokea?”

“Kinatokea, baba. Jina, siku kilipoanza, siku kilipofungwa.”

“Kilifungwa Ijumaa,” akasema. “Mtambo niliuzima mimi mwenyewe. Nilidhani wameshakifuta.”

Akaitwa ndani. Alipotoka jicho lilikuwa wazi, jekundu, linatiririka machozi. Hakuuliza gari liko wapi. Aliomba simu ya dada, ambako Chapchap alikuwa ametuma picha ya majibu ya programu iliyorekebishwa, akaisogeza karibu na uso, akazisoma zile herufi nne moja moja kwa sauti.