Faili Inayoanza na Nukta

Mimi ni mtu wa kufunga mlango, kufika kona, kisha kurudi kuusukuma tena. Kuprogramu nilijifunza peke yangu kwa video, katika chumba cha nyuma nyumbani kwetu Lanet, nje kidogo ya Nakuru, na kwa kuwa hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia inatosha, mpaka leo sijui kazi iliyotosha inafanana vipi. Kwa hivyo nilipoanza mradi na rafiki yangu wa tangu sekondari, kitu cha kwanza nilichoweka kilikuwa sheria.

Ilikuwa faili ndogo, jina lake linaanza na nukta, aina ambayo kompyuta nyingi huificha. Iliagiza kila faili ya mradi isomwe na kuhifadhiwa kwa UTF-8, ule mpangilio wa herufi unaobeba karibu lugha zote. Mradi wenyewe ulikuwa wa kuchapisha kadi za wanachama wa ushirika wa maziwa kule Ndabibi. Wengi wao ni Wakikuyu, na majina yao yana i na u zenye kiwimbi juu. Kitambulisho cha serikali hakijali kiwimbi. Aliyejali ni mweka hazina wao, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya shamba.

"Kwa kadi yangu mniandike vile mama yangu aliniita," alituambia siku ya kwanza. Nikamwahidi.

Rafiki yangu aliona najisumbua bure. Yeye ni Mkikuyu. Sisi asili yetu ni magharibi, babu ndiye alikuja Nakuru kufanya kazi ya reli.

"Hii ni lugha yangu, si yako," alinitania. "Mimi mwenyewe siandiki hizo vitu. Wewe ndio zinakuuma?"

Zilikuwa zinaniuma. Asubuhi ya kwenda kuonyesha kazi, nilimuuliza kama ile faili bado ipo, maana toleo la mwisho lilikuwa kwenye laptopu yake.

"Iko, boss. Relax."

Mkono wangu ulikuwa tayari umeelekea kwa laptopu yake. Nikaurudisha. Nilikuwa nimejiambia kwamba kumwamini mtu ni pamoja na kutomkagua, na nilijivunia hilo njia nzima.

Kamati ilitungoja kwenye ofisi iliyo kando ya tangi la kupozea maziwa. Kadi ya kwanza kutoka kwenye printa ilikuwa ya mweka hazina. Aliishika mbali na macho, kisha karibu. Pale palipokuwa na kiwimbi palikuwa na A yenye nukta mbili kichwani, ikifuatwa na c ndani ya duara, ile alama ya hakimiliki.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Mzee mmoja wa kamati alichungulia. "Wamekuwekea copyright, mathe! Hakuna mtu atakuiba sasa."

Walicheka wote isipokuwa yeye. Alinitazama mimi, niliyemwahidi. Kabla sijafungua mdomo, rafiki yangu alisema, kwa upole kabisa, "Pole, mathe. Mambo ya herufi ni ya mwenzangu. Yeye ndiye aliweka hizo sheria."

Niliomba msamaha. Nilijua lazima nimekosea mahali. Huwa najua hivyo hata kabla ya kosa lenyewe.

Tukirudi tulisimama kula nyama choma Kikopey, kama ilivyo kawaida yetu kazi ikiisha. Mimi sikuweza kula. Nilikuwa narudia ile faili kichwani, mstari kwa mstari, nikitafuta nilipoteleza. Yeye alikuwa anatafuna mbavu.

"Wacha kujiua," alisema. "Ile faili yako niliitoa wiki jana. Kila nikituma kazi ilikuwa inanikatalia."

Basi, bila ile faili, kompyuta yake kuukuu ilikuwa imeyasoma majina kwa mpangilio wa zamani na kuyahifadhi hivyo hivyo yakiwa yamevurugika.

"Lakini asubuhi ulisema iko."

"Ungeanza panic zako." Alisukuma sahani kwangu. "Kula, nyama inapoa."

"Na pale mbele ya mathe?"

"Si wewe hupenda kusema sorry?" Akacheka. Hakuwa na ubaya usoni, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Hofu zangu nilimwambia yeye peke yake. Alijua ningeinamisha kichwa bila kuuliza swali, ndiyo maana akanichagua.

Niliirudisha faili. Nilirudi Ndabibi peke yangu na kadi mpya. Mweka hazina alipitisha kidole juu ya jina lake, akaiweka kadi kifuani, ndani ya leso, akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema ana shughuli.

Bado tunafanya kazi pamoja. Sasa hawezi kuingiza chochote kwenye mradi kabla sijakipitia. Kazi yake ya kwanza chini ya sheria hiyo ilikuwa safi. Niliisoma na kuirudia nikitafuta kosa, na nilipokosa kuliona nilivunjika moyo. Nikaisoma tena.