Mlango Bila Nyumba

Niliondoka Luvungi kwa sababu mama alitaka mlango. Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Vita vilimkuta Uvira kwa dada yake, miguu imemvimba, na ujumbe wake ulikuja na Mubembe mmoja, mchuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani.

"Mama yako anasema umuletee mulango, mbio, mbele njia ifungwe."

"Mulango gani?"

"Minye najua? Alisema vile."

Mlango tulikuwa nao mmoja wa maana, wa libuyu, mti mgumu kama mvule, aliouchonga marehemu baba. Labda mama aliogopa wanajeshi wasije wakaufanya kuni. Lakini mgonjwa na mlango, wapi na wapi? Mke wangu Riziki naye hakuelewa, ila alinisaidia kuung'oa. Yeye na watoto nikawapeleka kwa wazazi wake Kiringye, nikaahidi kuwarudia njia ikiwa bado wazi.

Asubuhi, barabara ya Bwegera. Nilisukuma baiskeli, mlango umelala juu yake. Watu walikimbia pande zote mbili, na kila upande uliuambia mwingine kwamba huko waendako ndiko kwenye masasi ya bunduki. Sikujua nimwamini nani, nikaendelea kusukuma.

Kabla ya Sange kulikuwa na barieri, kizuizi cha barabarani. Askari mmoja aliuzunguka mzigo wangu.

"Weye, nyumba yake iko wapi?"

"Nyumba imebaki Luvungi."

"Sasa huku unaenda kufunga nini?"

Wenzake walicheka hadi machozi, wakanipisha. Niliondoka na hasira, maana swali lilikuwa zuri.

Sange, jioni. Mama Furaha, Mfuliiru mwenye roho safi tuliyejuana zamani, alinikaribisha bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo. Aliutazama mlango, akanitazama mimi.

"Na batoto?"

"Wako Kiringye."

"Yoo! Mbao umeikimbiza, batoto umebaacha kwa masasi?"

"Ni mama aliagiza."

Alinisogezea sahani. Chakula kilikuwa kitamu, lakini nilikiacha nusu.

Uvira nilifika kesho yake, ziwa kushoto, milima kulia. Mama alikuwa ameketi mkekani uani. Badala ya kunitazama mimi, alitazama barabara nyuma yangu.

"Bengine iko nyuma?"

"Bengine nani, mama? Mulango huu hapa."

Alipiga makofi mara moja, kama mtu aliyepokea habari ya msiba.

"Minye nilisema umuryango!"

Sisi tunaosema Kirundi, umuryango ni pale pa kuingilia nyumbani, na ni jamaa ya mtu vilevile. Mama alitaka Riziki na watoto. Mubembe wa watu, asiyejua Kirundi, alisikia neno linalofanana na mulango, akalibeba hivyo hivyo. Na mimi, niliyelinyonya neno hilo kwa mama, sikuwaza. Wanasema kuuliza si ujinga. Mimi niliuliza mara moja tu, tena nikamuuliza muuza samaki.

"Sasa mubao wa baba yako nitaupakata?" mama alisema. "Nataka batoto bakae hapa, nibaone. Basi."

Nilicheka, nikalia. Sijui kipi kilitangulia.

Nilirudi siku ileile. Baiskeli ilikuwa nyepesi na moyo mzito. Milio ya bunduki ilisikika upande wa milimani, kisha upande wa mto Ruzizi. Nani anampiga nani, hakuna aliyeweza kuniambia. Kiringye nilimkuta Riziki amekalia mafurushi, watoto wamevaa viatu tayari.

"Mulango umefika?" aliniuliza.

"Bado," nikamwambia. "Pandisha batoto, tuupeleke."

Tulipita siku chache kabla njia haijafungwa. Mama aliuweka mlango juu ya matofali, tukaufanya meza ya chakula, yeye katikati, wajukuu wakimlalia kila upande, mpaka Mungu alipomchukua. Siku zile, pamoja na njaa yake, sijapata nyingine kama hizo, na singezibadilisha na kitu chochote.

Nyumba ya Luvungi iliteketea. Aliyeichoma simjui hadi leo. Watu wakiniuliza niliokoa nini vitani, nawajibu: mlango. Nao wanadhani nazungumzia mbao.