Panya wa Mudaka na Mbegu ya Koko

Watoto, sikwenda Mudaka kutembea. Tantine Mapendo, mdogo wake mama yangu, alinipigia simu akilia. Alikuwa amerudi nyumbani baada ya miezi ya kukimbia vita, akakuta panya wamejaa. Mvua ilikaribia, na mbegu yake ya mahindi ilikuwa mle ndani. Mbegu hiyo aliachiwa na koko, yaani bibi yangu, mama yake mzazi, ambaye hayupo tena.

Asubuhi nilitoka Bukavu kwa pikipiki, nimepakata paka ndani ya katoni. Alinung'unika njia nzima kama abiria aliyenyimwa kiti. Mashamba mengi ya kando ya barabara yalikuwa magugu matupu.

Mudaka, Tantine alinipokea mlangoni.

"Karibu, mutoto yangu. Sasa benye nyumba ni bapanya."

Hakutania. Panya mmoja alipita juu ya kamba ya nguo, mkia ukimsaidia asianguke. Mwingine alijipenyeza kwenye tundu dogo la ukuta; panya akipitisha kichwa, mwili unafuata. Meno yake ya mbele hayaachi kukua, ndiyo maana hutafuna hata mbao. Pembeni niliona vitoto vyao, vyekundu, bila manyoya, macho yamefumba. Niliwachukia panya wale, lakini vitoto vilinitia huruma.

Jikoni, kikapu cha mbegu kilining'inia juu ya mafiga. Kwetu moshi ndio mlinzi: moto ukiwaka kila siku, panya hasogei. Tantine alipokimbia alikiacha pale pale, na moto ukazimika.

Nilichungulia, nikafurahi. "Tantine, mbona yamebaki mengi?"

Alinitilia punje kiganjani. Kila moja ilikuwa na kishimo chini. Panya hupenda kiini, pale laini panapotoka mche. Sehemu ngumu huiacha.

"Banakula roho yake, banaacha mwili," alisema. "Hii haitaota."

Tulichambua punje moja moja mpaka mchana, tukitafuta nzima. Hatukupata. Paka alikamata panya wawili, lakini alikuwa amechelewa, kama mimi. Nilisikia uchungu sana.

Tantine akawasha moto, akaosha zile punje, akazitia chunguni.

"Kula, mutoto yangu. Hii njo mahindi ya mwisho ya mama."

Jioni nilirudi Bukavu bila paka. Mkiniuliza nilijifunza nini, nitawaambia hivi: panya hakujua anakula nini. Sisi tulijua, na tulikula.