Siri ya Nasra Katika Soko la Jumatano

Jumatano moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Na wewe unayenisoma chini chini, simu umeigeuza ili mtu wa pembeni asione, naiandika kwa ajili yako. Mimi si mtu wa safari. Nimesoma mpaka sekondari, kisha nikakaa nyumbani Ibra, huku Omani, na sijaona sababu ya kutoka. Nizwa nimefika mara mbili, zote harusini, na zote nikauliza gari inarudi saa ngapi kabla wali haujaletwa. Basi usitaraji maneno ya mtu aliyeuona ulimwengu. Taraji ya mtu aliyekaribia kumponza mwenziwe kwa mdomo.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nasra, mtoto wa mama mdogo, alikuwa na kumi na sita, na tumelelewa kama pacha. (Jina si lake. Nimemwomba ruhusa ya kuyasema haya, naye kanipa kwa sharti hilo.) Asubuhi moja tukianika nguo darini, aliniambia huku macho kayakaza kwenye shuka:

"Mimi moyo wangu hauendi kwa wanaume. Unakwenda kwa wasichana. Nadhani. Hata sijui."

Kisha akaniapisha nisiseme. Kulikuwa na posa yake imekuja kutoka Sur, mji wa pwani, na mama yake alikuwa ameshaanza kutabasamu peke yake jikoni. Nasra alijua neno hilo likifika ndani atatolewa skuli, na ndoa itafungwa kabla mwezi mwingine haujaandama.

Niliapa. Na nilikusudia, wallahi. Lakini mimi tangu utotoni jambo likinikaba hulitoa kwa mzaha.

Jumatano iliyofuata tukaenda soko la wanawake. Watu wa Ibra wanalijua: wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake, na mwanamume akikosea njia hugeuzwa kwa macho tu. Sisi watoto wa familia zilizorudi kutoka Unguja tulikuwa na mazoea yetu. La watu tunalisema kwa Kiarabu, la siri kwa Kiswahili. Skuli tuliwasengenya walimu mbele yao kwa lugha hiyo, tena kwa sauti, na hakuna aliyetugundua. Tuliamini tuna chumba chetu tunachotembea nacho.

Penye meza ya udi alikaa binti wa muuzaji, rika letu, mzuri. Nikamgonga Nasra kiwiko, nikasema kwa Kiswahili, na sauti yangu ndiyo hii hii ya kuita watu wa mtaa wa pili:

"Hebu mwangalie! Si wataka wasichana wewe? Mwambie mama akuposee huyu, Sur mbali."

Nasra hakucheka. Alisimama kama aliyemwagiwa maji. Nyuma yetu, kwenye jamvi la kofia za kushona, bibi mmoja akasema bila kuinua uso kutoka kwenye sindano:

"Punguza sauti, mwanangu. Kuanzia mimi hapa mpaka yule wa ndimu kavu, sote tumekulia Unguja."

Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Na yule wa ndimu kavu alikuwa jirani yake mama mdogo, mlango kwa mlango, na alikuwa ameshageuka.

"Nani anaposewa nani?" akauliza.

Hapo, mwanangu, maisha ya Nasra yalikuwa mikononi mwa mtu ambaye hata jina hatukumjua.

"Huyu mwenye mdomo," bibi akajibu, akaninyooshea mimi sindano. "Kaona mwenziwe kapata posa, roho inamwenda mbio. Anataka naye aposwe leo leo, hapa hapa sokoni."

Soko likaangua kicheko. "Masikini! Haya, mwenye mtoto wa kiume ajitokeze!" akapiga ukelele wa ndimu kavu, na habari ikaishia hapo. Nilifungua mdomo nijitetee. Bibi akanitazama mara moja tu, nikaufunga. Mwaka mzima wanawake wa Ibra walinisimamisha njiani kuniuliza kama nimeshapata. Neno likamfikia na mama yangu, akaniuliza nina haraka gani. Nikainamisha kichwa, nikasema nimekoma. Ndilo jambo la maana pekee nililolifanya wiki ile: kuonekana mpumbavu na kunyamaza.

Watu walipotawanyika, bibi alituketisha kwenye jamvi. Jina lake Bibi Zuwena. Alianza na mimi.

"Wewe umepewa amana ukaigeuza kichekesho. Ukitania, tania lako."

Kisha akamgeukia Nasra, na sauti ikashuka.

"Na wewe, mambo haya mimi siyajui vizuri, wala sitajidai. Nilikuwa na kaka yangu, alikuwa hivyo hivyo. Nyumba nzima ilimsemesha, hakuna aliyemsikiliza. Akaondoka, hakurudi. Kusikiliza nimejifunza nimeshachelewa. Unajua kushona kofia?"

"Sijui, bibi."

"Vizuri. Asiyejua ana sababu ya kuja kila Jumatano."

Nasra alikwenda miaka miwili. Kofia alizozishona, Mungu amsamehe, hakuna kichwa kilichozistahili. Lakini alikuwa na pahala pa kusema, na mtu wa kumuuliza: leo umekula? umelala? Bibi Zuwena hakumwambia mama mdogo hata nusu neno. Alikwenda tu kwake kunywa kahawa, akasema mtoto huyu ana kichwa kizuri, aachwe amalize skuli, huyo wa Sur hatayeyuka. Wa Sur hakungoja, akaoa kwengine, na ninasikia ana raha zake. Nasra sasa ni mtu mzima, ana kazi yake na kicheko chake. Mengine ni yake mwenyewe, na safari hii nimejua kunyamaza.

Basi ninalokuusia ni hili. Jambo kama la Nasra usilibebe peke yako, lakini usilimwage popote. Huku kwetu sheria ni kali, na ukoo una masikio mengi. Tafuta mtu mmoja, na umpime kwanza kwa jambo dogo: mwambie kitu kisicho na hatari, ungoje wiki mbili uone kama kimerudi kwako kwa mdomo wa mwengine. Anayekuletea siri za wenzako atapeleka zako. Usiseme kwa hasira, wala siku ya ugomvi. Sauti ya kwenye simu husikilizwa na wasiotakiwa, na anayekuita habibi leo kisha kesho anataka picha, huyo hakutafuti kwa wema. Ukimwona daktari au mshauri wa skuli, waweza kusema hulali, huli, una hofu, bila kueleza kwa nini. Na muulize kwanza atakayoyasikia atamwambia nani. Kama bado hujijui, hakuna aliyekupa muda wa mwisho. Lakini ikikujia fikra ya kujidhuru, usingoje hata saa moja: mwambie aliye karibu, nenda hospitali, sema naogopa kubaki peke yangu. Hilo latosha.

Na wewe uliyeambiwa siri ya mwenzio, ukikosa la kusema, muulize kama amekula. Nimeshakuonesha mimi nilisema nini.

Mwenyezi Mungu akukutanishe na mwenye kusikiliza kabla hujakutana na mwenye kuhukumu, akulinde na ndimi za watu, ukiwemo na wangu, na akufikishe utu uzima ukiwa salama na mwenye kucheka. Amin.