Pori Haliingii Mukebeni

Nakumbuka vizuri, mwanangu. Ilikuwa Jumapili, saa tisa kamili za mchana, na ulikuwa umevaa koti lako la sikukuu. Mimi wakati ule nilikuwa bado msichana mdogo. Ni juzi tu.

Atakayesoma haya ajue kwanza kwamba mwanangu ninayemwambia ni babu yangu, baba wa baba, mwenye mvi mpaka masikioni. Mimi nina miaka kumi na sita. Lakini walinipa jina la mama yake, Zaina, na kwetu mwenye jina ndiye mwenye cheo. Tangu nizaliwe ananiita Mama. Kuku akichinjwa, paja ni la Mama. Akishikwa na homa anamlilia Mama, na Mama yuko shuleni anafanya mtihani wa hesabu.

Cheo hicho sikukiomba. Mwalimu akiita majina, jirani yangu wa benchi ndiye anayenijibia "prezan", yaani nipo, maana mimi naona haya. Hata Jumapili ile nilikuwa nimejificha nyuma ya Bibi, mke wako, ambaye kwa bahati nzuri ni mpana.

Kapita, mkuu wetu wa kijiji, alikuwa ameita watu wote kwa ajili ya pori ambamo kijito chetu kinaanzia. Wachimbaji wa dhahabu kutoka upande wa Salamabila walikuwa wamelitolea macho. Kule walikopita na mashine zao, maji yamekuwa kama chai ya maziwa. Kapita alisema wazi: wazee wote wakikubali leo, pori linakuwa la kuchungwa na kijiji, naye anapata nguvu ya kuwarudisha hao watu. Mzee hata mmoja akikataa, hana neno la kuwaambia.

Kijana mgeni kutoka Kindu, Faustin, akasimama kutueleza. Alisema mataifa yamepatana kuchunga sehemu tatu katika kila kumi, za nchi kavu na za bahari, ili vizazi vya wanyama na miti visimalizike.

"Bahari iko wapi huku Kabambare?" ukauliza.

"Ni dunia yote, papa," Faustin akajibu, akikuita baba kwa heshima. "Sisi tutachunga pori yetu tu. Ndiyo inaitwa konservasio."

Hapo ukafungua vifungo vya koti, mwanangu, nikajua tumekwisha.

"Konserve miye naijua!" ukapaza sauti. "Nilikula kule Kindu. Samaki ndani ya mukebe, bila kichwa, bila mukia, amelala ndani ya tomati. Sasa munataka kufanya pori yetu namna ile! Nungu, kanga, hata sokomutu, ule nyani anafanana na mutu, wote mukebeni! Na picha yake juu!"

"Hapana, papa. Konservasio ni kuchunga."

"Hata ile samaki walimuchunga. Alikuwa hajaoza hata kidogo. Ila alikuwa amekufa."

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mama mmoja alimwuliza mwenzake kama viwavi tunavyookota kule kwa kula pia vinatiwa mukebeni. Mwenzake akasema ndiyo, yeye amesikia. Wanaume wawili wakaanza kubishana bei ya mukebe mmoja. Faustin alijaribu tena kwa Kifaransa, ikawa mbaya zaidi, maana kwa Kifaransa "konserve" ilisikika vizuri kabisa. Kapita alikuwa anafuta jasho. Nani atamkatalia mzee kuliko wote?

Bibi akageuka. "Kuna mutu mumoja tu wa kumukanya huyu," akasema. "Mama yake. Zaina, toka huko!"

Akasogea pembeni, na kijiji kizima kikaniona. Neno moja tu lilitoka.

"Keti."

Ukaketi. Puu, na koti lako lote. Hata miye niliogopa.

"Ndiyo, Mama," ukasema.

Watu wakapiga makofi, nami nikadhani kazi imekwisha, nikaanza kurudi mafichoni. Bibi akanisukuma kwa kiwiko.

"Ile samaki ya mukebe," nikasema, nikiangalia vidole vya miguu yangu, "ilizaa?"

"Itazaa namna gani, Mama? Ilikuwa imekufa."

"Basi hii ya Faustin ni ya kuzaa. Nyama wa pori anabaki kule anazaa, muti unabaki, maji yanabaki. Hakuna anayewatia popote."

"Na viwavi vya mukamwana wako?" ukauliza, ukimwonyesha Bibi kwa kidole, maana kwa cheo changu mke wako ni mke wa mwanangu.

Faustin akajibu mbio kwamba viwavi, uyoga na dawa vitaokotwa pembeni, kwa masharti tutakayopanga wenyewe. Katikati, hakuna kukata, hakuna kuchimba, hakuna kutega.

"Hata kutega?" Sauti yako ilipungua.

"Hata kutega, papa."

Uliangalia mikono yako. Kijiji chote kinajua nani anatega kule. "Mama akikubali," ukasema mwishoni. Mama akakubali, kwa sauti ambayo Kapita aliomba irudiwe. Ukanyanyua mkono, na wazee wengine wakafuata.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kengele ya shule, nilikwenda nawe porini kung'oa mitego. Ulitangulia huku umenuna, ukikata na kunipa waya nibebe. Kwenye mtego wa mwisho ukachuchumaa.

"Mama, huu mumoja tuuache? Ni mudogo."

Haya ilikuwa bado imenishika, lakini tulikuwa wawili tu. Nikasema:

"Sikia, mwanangu. Neno usilolijua, liulize kabla ya kutisha watu nalo. Ukinyanyua mkono mbele ya kijiji, usibakize waya nyuma ya muti. Na hii pori uliyoikuta na sauti za wanyama, uiache na sauti zake. Mungu akuongezee miaka, akupe magoti ya kukufikisha nyumbani, akupe vitukuu watakaomjua nungu kwa macho yao."

"Amina, Mama," ukasema, lakini mkono hukuutoa kwenye mtego.

Nikachukua kisu chako, nikaukata mwenyewe.